Familia inayokarabati bafu isikimbilie vigae

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuseme na familia zinazoamua kukarabati bafu la nyumba ya zamani kwa mikono yao wenyewe. Sisi ni mafundi bomba na waweka vigae, na uamuzi huo tunauunga mkono kwa dhati. Kinachotuuma ni kuona familia zikiiga mwendo wa kazi ya mkataba: leo kubomoa, kesho vigae, keshokutwa watu wanaoga. Fundi wa mkataba ana sababu ya kukimbia, maana kila siku anayosubiri sakafu ikomae ni siku asiyolipwa. Familia haidaiwi siku na mtu. Muda wa kusubiri ndio mtaji wake mkubwa, na ndio inaoutupa kwanza. Mabafu mengi tunayoitwa kuyafumua upya yana vigae vizima kabisa. Kilichoharibika kiko chini yake, na kimeharibika kwa sababu hakikupewa siku zake.

Kazi ianze na ukaguzi, hata kama nyundo na tindo vimeshanunuliwa. Funga koki kuu, kisha fungua bomba lililo chini kuliko yote nyumbani uone kama maji yanakatika kabisa. Koki za zamani mara nyingi hazifungi hadi mwisho kwa sababu wosha (mpira wake wa ndani) imekwisha au kutu imejaa, na kugundua hilo bomba likiwa limeshakatwa ni balaa. Badilisha koki hiyo kwanza. Ongeza nyingine mahali bomba linapoingia bafuni, ili jikoni wasikae bila maji muda wote wa kazi. Kisha jaribuni njia ya maji machafu: mmoja amwage ndoo mbili za lita 20 mfululizo, mwingine asimame kwenye chemba iliyofunuliwa. Maji yakija kwa kusuasua au yakifika pungufu, bomba la ardhini limeziba, limetitia au limepasuka. Mabomba ya zamani ya udongo huachia kwenye maungio, na mizizi ya miti huingia humo ikifuata maji. Lisipotibiwa sasa, mtakuja kuvunja sakafu mpya kulifuata.

Mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki huoza kuanzia ndani. Kwa nje yanaonekana mazima, ilhali tundu limebaki jembamba kiasi kwamba shawa inadondosha badala ya kumwaga. Mkibadilisha kipande cha bafuni tu, kutu inayobanduka kwenye kipande kilichobaki itahamia kwenye miksa mpya, yaani koki inayochanganya maji ya moto na baridi, na kuiziba. Badilisheni mpaka kwenye koki kuu ikiwezekana. Msiunganishe shaba moja kwa moja na chuma hicho, kwani metali hizo mbili zikigusana penye maji chuma huliwa haraka. Wekeni ungio la plastiki katikati. Na bomba laini la kijivu ambalo ukilikwaruza kwa kisu linang'aa ni la risasi. Hiyo ni sumu, hasa kwa watoto, na liondolewe lote.

Kuna jambo moja ambalo familia isilishike kabisa, nalo ni asbesto. Nyumba nyingi za karne ya 20 zina shiti za saruji zenye asbesto darini na ukutani, na wakati mwingine hata mabomba ya majitaka ni ya aina hiyo. Kwa macho huwezi kuwa na uhakika, huthibitishwa maabara. Shiti ikiwa nzima na imetulia, hatari yake ni ndogo. Hatari huja ikivunjwa, ikikatwa, ikitobolewa au vumbi lake likifagiliwa, kwa sababu nyuzi zake hazionekani, huingia mapafuni na huweza kuleta saratani miaka mingi baadaye. Penye shaka, simamisheni kazi mpaka wenye kibali cha kuiondoa wafike. Rangi za zamani nazo huweza kuwa na risasi, kwa hiyo msizipige msasa zikiwa kavu.

Tazameni pia ukuta umejengwa kwa nini. Ukuta wa mawe uliojengwa kwa chokaa hunywa unyevu na kuutoa polepole. Ukiuziba kwa lipu nzito ya saruji tupu, unyevu unanaswa ndani, chumvi inasukuma kutoka nyuma na lipu inavimba na kuachia ikiwa na vigae vyake. Kwa ukuta wa namna hiyo lipu ya saruji moja, chokaa moja na mchanga sita hukaa vizuri zaidi, na vigae viishie pale maji yanapogonga; sehemu ya juu iachwe ipumue kwa chokaa. Sakafu ya mbao nayo ichomwe kwa bisibisi kuzunguka choo na chini ya sinki. Ncha ikizama bila kutumia nguvu, boriti imeoza na hakuna kigae kitakachodumu juu yake.

Sasa kugawana kazi. Mtu mmoja ndiye awe na neno la mwisho juu ya vipimo, na nyumba nzima itumie futikamba moja, maana mbili zinaweza kupishana milimita kadhaa na vigae havisamehe milimita. Mwingine kazi yake iwe kupima mara ya pili kabla ya chochote kukatwa. Watoto wakae mbali na kubomoa na mbali na saruji mbichi, ambayo huunguza ngozi polepole bila mtu kuhisi. Hata wakubwa wavae glavu na buti. Vijana wabebe kifusi, viroba vikiwa nusu tu, kwa sababu kiroba kilichojaa vipande vya kigae huumiza mgongo. Bibi na babu waulizwe mapema, kabla ya lipu. Mlango wa bafu unaofungukia nje huokoa maisha, kwani mtu akianguka ndani na kuuzuia kwa mwili wake, wa kufungukia ndani hausukumiki. Vishikio vya ukutani navyo vinahitaji kitu kigumu cha kushika skrubu, na mahali pake pawekwe alama kabla vigae havijapanda. Kama nyumba ina choo kimoja, amueni mtatumia kipi kwa majuma mawili au matatu. Familia isiyoamua hilo ndiyo inayolipua kazi ikifika katikati.

Katika kubomoa, vyombo vya bafuni, yaani choo, sinki na shawa, vitoke kwanza, kisha dari, ukuta, na sakafu mwisho. Umeme wa chumba hicho uzimwe kwenye swichi kuu kabla tindo haijagusa ukuta. Bakuli la choo likishatoka, zibeni mara moja mdomo wa bomba la milimita 110 kwa mfuko wa nailoni uliojazwa matambara, na mfuko huo mwufunge kamba ndefu inayobaki nje. Pasipo kamba, kifusi kinausukuma ndani, na mtaanza ukarabati kwa kuzibua. Pasipo kuziba kabisa, hewa ya majitaka inajaa chumbani, na ndani yake mna gesi zenye sumu na zinazowaka. Vigae vikatwe nje, kwa mashine ya maji au kikata cha mkono, kwa sababu vumbi kavu la grainda huharibu mapafu. Mifereji ya mabomba ukutani isizidi theluthi moja ya unene wa ukuta ikiwa ya wima, na moja ya sita ikiwa ya mlalo. Kwa ukuta wa sentimita 15, hizo ni sentimita 5 na sentimita 2.5.

Kwenye kupanga mabomba ndipo vipimo hukosewa kuliko kwingine kote. Vyombo hupimwa kutoka ukuta uliokamilika, lipu na kigae vikiwa vimeshakaa. Tuseme bakuli la choo linataka kitovu, yaani katikati, cha bomba lake la majitaka kiwe sentimita 30.5 kutoka ukutani. Lipu mpya ni sentimita 1.5, gundi na kigae ni 1.5 nyingine. Kwa hiyo kutoka kwenye tofali tupu kitovu kikae sentimita 33.5. Mkipima 30.5 kutoka kwenye tofali, sisteni, yaani tangi la maji la choo, itagonga ukuta na bakuli halitakaa. Kitovu hicho kiwe angalau sentimita 38 kutoka ukuta wa pembeni, na mbele ya bakuli pabaki sentimita 60 za kuweka magoti. Midomo miwili ya miksa ya shawa iachane sentimita 15 katikati kwa katikati, kimo cha sentimita 100 hadi 110, ya moto kushoto, na yote miwili ilale sawasawa kwenye pimamaji. Bomba la kutoa maji ya shawa liwe la milimita 50, lenye mteremko wa sentimita 2.5 kwa kila mita. Trapu, yaani kona ya bomba inayobaki na maji, ishike maji yenye kina cha angalau milimita 50. Maji hayo ndiyo yanayozuia harufu, na trapu isiyotumika hukauka, ndiyo maana bafu la wageni hunuka.

Mkitumia mabomba ya plastiki ya kuunganisha kwa joto, chuma cha kupashia kiwe nyuzi 260 za Selsiasi. Bomba la milimita 20 hupashwa sekunde 5, huingizwa ndani ya sekunde 4, kisha huachwa bila kuguswa dakika 2. Anayepasha kwa muda mrefu akidhani anaongeza nguvu huyeyusha ukingo unaovimba ndani na kuziba njia, na presha inapotea pasipo kuvuja tone. Anayezungusha bomba wakati wa kuingiza huharibu ungio vilevile. Lisukumwe likiwa limenyooka. Kazi ikikamilika, zibeni midomo yote, fungueni maji na mwache mfumo na presha usiku kucha, mifereji ya ukutani ikiwa bado haijafukiwa. Asubuhi piteni kila ungio na karatasi kavu ya chooni, kwani unyevu ambao jicho haliuoni huacha alama kwenye karatasi. Kabla ya kufukia, pigeni picha ya kila ukuta futikamba ikiwa imewekwa kando ya bomba.

Umeme mwachieni fundi mwenye leseni. Kazi ya familia hapo ni kudai mambo mawili: njia ya bafuni ilindwe na kikata umeme kinachonasa uvujaji wa miliampea 30, na soketi na swichi zikae mahali ambapo mtu aliye ndani ya shawa hawezi kuzifikia. Fundi amalize mabomba yake ya nyaya kabla ya lipu.

Kisha sakafu. Chakarueni zege la zamani, lioshwe na lilowanishwe, lipakwe uji wa saruji kwa brashi, na tabaka jipya limwagwe uji huo ukiwa bado mbichi. Uji ukikauka kwanza, unageuka utando unaotenganisha tabaka mbili badala ya kuzishikanisha. Mchanganyiko ni saruji moja kwa mchanga nne, na maji kidogo: ukiufinyanga kiganjani ushikamane bila kutoa maji. Mchanganyiko wenye maji mengi ni rahisi kusambaza, lakini husinyaa na kupasuka. Kwenye tundu la maji unene usipungue sentimita 4.

Mteremko tunapenda upimwe kwa mpira wa maji, kifaa ambacho kila familia inaweza kukimudu. Jazeni maji kwenye mpira mwembamba unaoonyesha ndani, hakikisheni hauna povu la hewa hata moja, na mzungushe mstari ukutani chumba kizima, usawa mmoja. Vipimo vyote vya sakafu vitoke kwenye mstari huo kwenda chini. Mteremko wa milimita 15 kwa mita unatosha. Kona ya mbali ikiwa mita 2 kutoka tundu la maji, na pale konani sakafu iko sentimita 100 chini ya mstari, basi kwenye tundu iwe sentimita 103. Wekeni njia za mwongozo za mchanganyiko kutoka kila kona kuelekea kwenye tundu, zikishika kidogo ndipo mjaze katikati na kuvuta kwa ubao ulionyooka. Mlangoni sakafu iishie chini ya ile ya korido kwa sentimita 1 au 2. Na hapa kigae kikubwa kinakataa: cha sentimita 60 hakiwezi kupinda kufuata miteremko minne inayokutana katikati. Chagueni cha 30 kwa 30 au kidogo zaidi, au mhamishie tundu ukutani liwe la mfereji mrefu, sakafu iteremke upande mmoja tu.

Hapo ndipo familia ianze kula mtaji wake wa muda. Funikeni sakafu kwa nailoni na muilowanishe siku 7. Saruji haikauki tu, inakomaa kwa kutumia maji, na ikinyang'anywa maji siku za mwanzo hubaki vumbi juu na hupasuka. Ukiigonga kwa mpini wa nyundo ikatoa sauti ya utupu, sehemu hiyo imeachia na ikatwe itengenezwe upya.

Baada ya hapo ndipo ipakwe dawa ya kuzuia maji. Vigae na grauti, yaani uji unaojaza mianya kati ya vigae, havizuii maji kupenya, vinayapunguza tu. Kinachozuia ni utando huu. Pembe zote na shingo ya tundu la maji ziwekewe kitambaa au utepe wake maalumu kwanza, kwa sababu pembeni ndipo sakafu na ukuta huachana kwa nywele moja na utando mtupu huchanika. Mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza, upakwe kwenda upande mmoja, wa pili uukate kwa kuvuka, baada ya wa kwanza kushika. Ukutani palipo na shawa utando upande hadi mita 2, kwingine hadi sentimita 15 au 20. Rangi za mikono miwili zikitofautiana, mtaona mliporuka.

Utando ukishakamaa kwa siku zilizoandikwa kwenye kopo, zibeni tundu, jengeni kizuizi mlangoni kwa matofali na nailoni, na mjaze maji mpaka kona ya juu kabisa ifunikwe kwa sentimita moja. Wekeni alama ya kalamu kwenye ukuta. Subirini saa 24. Milimita moja au mbili za mvukizo si neno. Yakishuka zaidi, au dari ya chini ikionyesha doa, kuna tundu, na sasa linazibwa kwa brashi na nusu siku. Likigunduliwa baada ya vigae, linazibwa kwa kubomoa. Kwenye sakafu ya mbao ya ghorofani kumbukeni kuwa sentimita 3 za maji zina uzito wa kilo 30 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo boriti ziwe zimekaguliwa kabla. Tumeona familia zikiruka jaribio hili kwa sababu vigae vilikuwa vimeshafika na watu walikuwa na hamu ya kuviona vikipanda. Tunawasihi: katika kazi nzima, saa hizi 24 ndizo zenye thamani kuliko zote.

Hesabu ya vigae ni nyepesi. Bafu la mita 2.4 kwa 1.8 lina sakafu ya mita za mraba 4.32. Kuta zikipanda hadi mita 2.1, mzunguko wa mita 8.4 unatoa 17.64, ondoeni mlango wa 0.8 kwa 2.1 zibaki 15.96. Ongezeni asilimia 10 ya kuvunjika na kukatwa. Sakafu itataka vigae 53 vya 30 kwa 30, na ukuta vigae 98 vya 30 kwa 60. Gundi ni kilo 5 hivi kwa mita ya mraba, yaani mifuko sita ya kilo 20, na grauti kilo 5 zinatosha kwa mwanya wa milimita 3. Nunueni vyote mara moja vyenye namba moja ya toleo kwenye boksi, maana rangi hutofautiana kati ya matoleo.

Gundi ipakwe kwa mwiko wa meno, mistari yote ikielekea upande mmoja, na mgongo wa kigae upakwe utando mwembamba. Ule mtindo wa kuweka madonge matano ya saruji nyuma ya kigae uachwe. Kati ya madonge hubaki mapango. Maji hukaa humo yakinuka, na kigae hupasuka pale kisigino kinapotua. Katika kila vigae kumi, bandueni kimoja kikiwa kibichi mtazame mgongo wake. Kikiwa na sehemu kavu, badilisheni mwiko au ongezeni gundi. Ukutani anzeni na safu ya pili juu ya ubao ulionyooka, ya chini ijazwe mwisho baada ya sakafu. Grauti isubiri saa 24. Pembe za ndani, na pale sakafu inapokutana na ukuta, zisijazwe grauti bali silikoni inayohimili ukungu, kwa sababu pande hizo mbili hazichezi pamoja na grauti itakatika.

Bakuli la choo lisipandwe kwenye saruji. Lifungwe kwa skrubu na silikoni, mwanya mdogo ukiachwa kwa nyuma. Likivuja chini, maji yatoke nje myaone badala ya kuzama sakafuni. Saruji hulivunja siku mtakapotaka kulitoa. Shawa isitumike mpaka silikoni itimize saa 24. Dirisha dogo likiwa halitoshi, feni ya kutoa lita 15 za hewa kwa sekunde huzuia ukungu, mradi itoe nje ya nyumba na si darini.

Vigae vilivyobaki vihifadhiwe pamoja na kipande cha boksi chenye namba ya toleo, na zile picha za mabomba zichapishwe zikae humohumo, zikiwa na vipimo vyake.

Wasomaji wako,
Mafundi bomba na waweka vigae